Baba Ajifunza A, I, U, E, O

Aibu ya mtu mzima mbele ya herufi ni aibu ya pekee. Mtoto asipojua kusoma huambiwa kwamba bado anajifunza, lakini mtu mzima hujificha. Juma hili nimeona heri niandike habari ya aibu hiyo, kwa kuwa imebisha hodi katika nyumba ya jirani yangu, na herufi zenyewe zilizomtia aibu ni za Japani.

Jirani yangu huyu ni fundi wa magari. Ana umri wa miaka 48, mke na watoto watatu, na kazi hiyo ameifanya tangu alipomaliza darasa la saba. Hivi karibuni mwajiri wake alimteua kwenda Japani kwa mafunzo ya miezi 6, na mtaa mzima ukampongeza. Lakini jioni moja alifika barazani kwangu, akaniamkia, akaketi, kisha akatoa karatasi mfukoni kwa uso wa mtu aliyeletewa habari ya msiba. Karatasi ilikuwa na maagizo mawili. La kwanza, siku ya kufika kila mwanafunzi atasimama mbele ya wenyeji wake ajitambulishe kwa Kijapani. La pili, kabla ya kuondoka nyumbani awe ameanza kusoma na kuandika hiragana.

"Mzee wangu," akasema, "injini naifungua nikiwa nimefumba macho. Lakini hivi vidudu vilivyochorwa hapa ni kitu gani? Niketi mezani na daftari, nichore a, i, u mbele ya wanangu? Mdogo yuko darasa la tatu. Atanionaje?"

Alinijia mimi kwa sababu zamani niliwahi kufanya kazi pamoja na Wajapani katika mradi mmoja wa maji, nikaambulia lugha yao kidogo. Kabla ya Kijapani, hata hivyo, nilimpa habari nyingine, ambayo yeye hakuiona kwa kuwa alikuwa hajazaliwa. Mwaka 1970 ulitangazwa nchini kwetu kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika miaka iliyofuata mama yangu mzazi, mwanamke aliyekwisha kuzaa watoto saba, alikuwa akitoka nyumbani kila alasiri na kibao cha kuandikia chini ya kanga, ili majirani wasijue aendako. Majirani walijua wote, kwa maana nao walikuwa wakienda huko huko, kila mmoja na kibao chake chini ya kanga. Siku mama alipoweza kuandika jina lake aliliandika kwa mkaa ukutani jikoni, na baba akakataza lisifutwe.

Fundi hakujibu kitu, ila alisogeza kigoda karibu na meza. Basi tukaanza.

Kujitambulisha kwa Kijapani huitwa jikoshōkai. Fundi aliposikia neno hilo alicheka kwa mara ya kwanza jioni ile. "Jiko tena?" Ndiyo, jiko, lakini si la mkaa, wala si lile ambalo bwana arusi huambiwa amelipata. Jiko la Wajapani hapa maana yake ni nafsi, yaani mtu mwenyewe, na shōkai ni kutambulisha. Kistari kilicho juu ya o kinaagiza kwamba sauti ivutwe. (Wanalo jiko jingine lenye maana ya ajali, nalo katika hiragana huandikwa sawasawa kabisa na hili la kwanza. Ni sababu mojawapo ya Wajapani kuzishikilia herufi za Kichina hadi leo, kwani ndizo zinazotenganisha maneno yanayofanana kwa sauti.)

Maneno ya kujitambulisha si mengi. Mtu husimama wima, mikono ikiwa imetulia, akasema:

Hajimemashite.
Fulani desu.
Tanzania kara kimashita.
Dōzo yoroshiku onegai shimasu.

Akishamaliza huinama kidogo kuanzia kiunoni, mgongo ukiwa umenyooka. Wanaofundisha adabu za kazini huko husema kwamba maneno yatangulie na kuinama kufuate. Anayesema huku ameinama huisemesha sakafu.

Neno la kwanza limetokana na kuanza: ndiyo mara yetu ya kwanza kuonana. Husemwa siku ya kwanza tu, na ukilirudia kesho yake kwa mtu yule yule itakuwa kana kwamba umekwisha kumsahau. Sentensi ya pili ni jina lako na desu, ambalo hufanya kazi ya "ni" yetu, ila hukaa mwishoni. U ya desu humezwa, nusura isisikike, na i iliyomo katika kimashita nayo humezwa vivyo hivyo. Vitabu vingi huanza sentensi hii kwa watashi wa, yaani "mimi, kwa upande wangu". Si kosa, lakini Wajapani wenyewe huliacha mara nyingi, kwa kuwa aliyesimama mbele ya watu anaonekana. Sentensi ya tatu, ukiifuata neno kwa neno, husema "Tanzania kutoka nimekuja". Kitenzi chao siku zote hungoja mwisho, na hakina kiambishi cha kuonyesha kama aliyekuja ni mimi, wewe au yule.

Ya nne ndiyo ngumu kuieleza, ijapokuwa husemwa kila siku. Ndani yake mna neno lenye maana ya vyema na jingine lenye maana ya kuomba. Mtu anawaambia wenzake: nawaomba mnitendee kwa wema katika haya tutakayofanya pamoja. Husemwa na mgeni kazini, na mtoto mpya darasani, na hata na anayekuachia gari lake ulitengeneze. Fundi aliipenda sana hii, akasema kwamba wateja wake wangekuwa wanalo neno kama hilo asingegombana nao.

Hapo sina budi kukiri kosa langu. Nilikuwa nimesikia Wajapani wakiitana fulani-san, fulani-san, nami nikadhani san ni sehemu ya jina. Siku nilipotakiwa kujitambulisha mbele ya wageni wetu nilisimama kwa ushupavu, nikataja jina langu, nikaweka san, nikamalizia na desu. Hakuna aliyecheka. Majuma kadhaa baadaye mmoja wao, mtu mzima, alinieleza kwa upole kwamba san ni heshima ambayo mtu humpa mwenzake, kamwe hajipi mwenyewe. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikasema: mimi ni Mheshimiwa Fulani. Kule kutocheka kwao ndiko kulikoniuma nilipoelewa.

Sisi tuliolelewa kwa shikamoo hatupaswi kushangaa. Wanaotofautiana nasi ni katika mpangilio. Wajapani hutanguliza jina la ukoo, kisha jina la mtu. Na tangu mwaka 2020 serikali yao imeagiza kwamba hata nyaraka zake zinapoandikwa kwa herufi za Kilatini zifuate utaratibu huo, badala ya kugeuza majina ili kuwapendeza watu wa Magharibi. Kazini huenda mbali zaidi. Mtu hutaja kwanza shirika lake, kisha neno dogo no, kisha jina lake. Sisi husema fulani wa kiwanda fulani. Wao husema kiwanda fulani no fulani. Mtu huonekana akitokea mlangoni mwa nyumba yake.

Kikao cha pili kilifanyika nyumbani kwa fundi, na mkewe akawa anasikiliza huku akichambua mchele. Akauliza mtu akitaka kutaja jamaa zake husemaje. Swali lilikuwa zuri kuliko alivyodhani, kwa sababu Kijapani kina majina mawili mawili kwa wazazi. Baba yangu, nikimtaja kwa watu wa nje, ni chichi. Baba yako wewe ni otōsan. Mama yangu ni haha, mama yako ni okāsan. Mke wangu ni tsuma, wako ni okusan. Wa nyumbani mwako unamtaja kwa neno la unyenyekevu, wa mwenzako unampandisha. Watoto waliposikia kwamba mama ni haha, kicheko chao kilifika barabarani, na mama mwenyewe akatangaza kwamba tangu leo asiitwe kwa jina hilo.

Fundi akataka pia aseme ana watoto watatu. Kodomo ga san-nin imasu. San hapa ni tatu, wala si ile ya heshima iliyoniaibisha. Nin ni alama ya kuhesabia watu. Vitabu vitatu haviwi san-nin, bali huwa san-satsu. Hili huwatesa Wazungu wengi, lakini msemaji wa Kiswahili asitishike: sisi wenyewe hatusemi watoto vitatu wala vitabu watatu. Jambo la kuchunga ni kwamba mtoto mmoja ni hitori na wawili ni futari, na nin huanza kazi kwa watatu.

Sasa nije kwenye vile vidudu. Kijapani huandikwa kwa aina tatu za herufi zilizochanganywa katika sentensi moja. Kuna herufi zilizotoka China, ambazo orodha rasmi ya matumizi ya kawaida ina 2,136. Kuna katakana, zenye kona kali, ambazo ndizo zinazoandikia maneno na majina ya kigeni. Na kuna hiragana, zenye mviringo, ambazo mtoto wa Kijapani huanza nazo. Nasema wazi, ili nisimdanganye mtu, kwamba jina la fundi kwa Kijapani litaandikwa kwa katakana. Lakini mlango wa kuingilia ni hiragana. Bila hiyo huwezi hata kufungua kitabu cha mwanzo.

Hiragana zilizaliwa kutokana na herufi za Kichina zilizoandikwa kwa haraka, mkono ukilainisha mistari mpaka umbo la asili likapotea. Herufi あ, yaani a, ilikuwa 安, yenye maana ya utulivu. Herufi か, yaani ka, ilikuwa 加, yaani kuongeza. Zamani za utawala wa Heian, kati ya mwaka 794 na 1185, Kichina kilihesabiwa kuwa elimu ya wanaume, na mwandiko huu laini ukaitwa onnade, yaani mkono wa kike. Kwa mkono huo bibi mmoja wa jumba la mfalme, Murasaki Shikibu, aliandika mwanzoni mwa karne ya 11 hadithi ndefu ya mwana wa mfalme Genji, inayosomwa duniani kote hadi leo. Karibu karne moja kabla yake mshairi Ki no Tsurayuki, mwanamume, alipotaka kuandika habari za safari yake kwa lugha ya nyumbani, alijifanya mwanamke ndipo akaandika. Mke wa fundi alisikiliza habari hii kwa makini, kisha akamwambia mumewe: "Basi lete hilo daftari nami nione."

Hapana lugha nyingi ambazo wasemaji wake wamejiandaa kwa hiragana kama sisi, hata bila kujua. Kila herufi ni silabi nzima. Mjapani hana b iliyosimama peke yake. Anayo ba, bi, bu, be, bo, kama zile zilizoandikwa ubaoni tulipokuwa darasa la kwanza. Herufi za msingi ni 46. Irabu ni zile zile tano, na hutamkwa karibu sawa na zetu, isipokuwa u yao haibinui sana midomo. Mpangilio ndio tofauti: husema a, i, u, e, o, na si a, e, i, o, u. Kisha hufuata safu ya ka, ya sa, ya ta, ya na, ya ha, ya ma, ya ya, ya ra na ya wa. Ukitia vistari viwili vidogo juu ya か unapata が, ga. Sa hugeuka za, ta hugeuka da, ha hugeuka ba. Kiduara juu ya ha huleta pa.

Hata n yao ya mwisho, ん, ambayo huwasumbua wengine kwa kuwa husimama peke yake kama pigo kamili, sisi tunaijua. Mswahili hatamki "nchi" kwa pigo moja, wala "mtu". Ila kwa jina la nchi yetu uwe macho: sisi husema Ta-nza-ni-a, mapigo manne, Mjapani husema Ta-n-za-ni-a, mapigo matano, たんざにあ. Piga kofi kwa kila herufi nawe utasikia.

Mitego ipo. Safu ya sa haina si, ina shi. Safu ya ta haina ti wala tu, ina chi na tsu. Mahali pa hu pana fu. L hawanayo kabisa. Sauti yao moja hukaa kati ya r na l, jambo ambalo baadhi ya ndugu zetu wa bara watalipokea kwa furaha. Kwa hiyo Rehema anapita salama, れへま, lakini Halima anakuwa Harima, Hamisi anakuwa Hamishi, na Tumaini anageuka Tsumaini. Usikasirike. Ndivyo sisi nasi tulivyowafanyia wageni wengi majina yao.

Kwa kuandika, tafuta daftari la hesabu lenye miraba, na kila herufi ikae katika mraba wake. Usianze na あ, ingawa ndiyo ya kwanza katika orodha, kwa maana ina mistari mitatu na mzunguko unaovunja moyo. Anza na zile za mkupuo mmoja. し, shi, ni ndoana: shuka moja kwa moja, kisha pinda kulia na kupanda. へ, he, ni kilima kifupi. く, ku, ni mdomo wa ndege uliofunguka. つ, tsu, ni wimbi linaloanguka. の, no, huanzia katikati juu, ikashuka kushoto, ikazunguka mpaka kulia. Ukizipata hizo, nenda kwenye こ, い na り, zenye mistari miwili. Kanuni ni kutoka juu kwenda chini na kutoka kushoto kwenda kulia, na kila mstari una utaratibu wake. Usiseme mradi umbo limetokea. Kalamu iliyofuata njia mbaya huonekana, hasa mwandiko ukiwa wa haraka.

Herufi tano kwa siku zatosha kwa mtu mwenye kazi, na kila jioni urudie za jana kabla ya kugusa mpya. Na nakushauri uache mapema kuandika Kijapani kwa herufi zetu za Kilatini. Ni mkongojo mzuri kwa juma la kwanza, lakini anayeuzoea hukataa kutembea. Kumbuka pia kwamba wa ya watashi wa huandikwa は, herufi ambayo kwingine husomwa ha. Ni mabaki ya matamshi ya kale, na hakuna la kufanya ila kuizoea.

Kosa lililotuchekesha zaidi lilikuwa la kuvuta sauti. Obasan, おばさん, ni shangazi au mama mdogo, na ndivyo mwanamke wa makamo huitwa kwa jumla. Obaasan, おばあさん, ni bibi. Tofauti ni herufi moja ya a. Fundi alivuta pasipotakiwa, na kwa juma zima alikuwa akimwamkia shangazi wa kufikirika kama bibi kizee. Mkewe alimwonya kwamba huko aendako kosa hilo linaweza kumkosesha chakula.

Ile hofu yake ya kuonwa na watoto ilikwisha kwa namna ambayo mimi sikuipanga. Usiku mmoja, akidhani wote wamelala, alikuwa mezani akiandika さ na ち, yaani sa na chi, ambazo hutazamana kama mtu na kioo chake, naye alikuwa akizibadilisha kila mara. Binti yake wa darasa la tatu aliamka kunywa maji, akasimama nyuma yake, akatazama muda mrefu. Kisha akasema, "Baba, hii tumbo lake liko upande mwingine." Akachukua penseli akamwonyesha.

Tangu siku hiyo yeye ndiye mwalimu. Humpa baba yake herufi tano kila jioni, husahihisha kwa kalamu nyekundu, na huandika alama chini ya ukurasa. Nimeliona daftari. Ukurasa wa juma la kwanza una 2 kwa 5, na chini yake maneno "Ongeza bidii". Wa juma la tatu una 5 kwa 5, nao fundi ameukata na kuutia kwenye pochi pamoja na leseni yake ya udereva.

Juzi waliniita nishuhudie. Fundi alisimama sebuleni na viatu vya safari, sisi tukaketi kama wenyeji wake wa Japani. Akasema maneno yote bila karatasi: hajimemashite, jina lake pasipo san, Tanzania kara kimashita, kisha akaongeza mwenyewe kwamba kazi yake ni seibishi, fundi wa magari, na kwamba ana watoto watatu. Akafika kwenye dōzo yoroshiku onegai shimasu, akainama. Mkewe akapiga makofi.

"Baba," binti akasema, "umeinama kabla hujamaliza."

Akasimama wima, akatuliza mikono, akaanza tena tangu mwanzo.